Ukiambiwa "Mfumo Unaonyesha Ni Wewe": Mwongozo kwa Mfanyakazi wa Dar es Salaam

Mfanyakazi anaitwa ofisini saa kumi na moja jioni. Anamkuta meneja, mtu wa IT, na mara nyingine mlinzi amesimama mlangoni. Mezani kuna karatasi iliyochapishwa kutoka kwenye kompyuta: jina lake la kuingilia, saa, na muamala unaotiliwa shaka. Anaambiwa, "Mfumo unaonyesha ni wewe." Wengi hapo hunyamaza, maana mtu ataubishia vipi mfumo? Ndani ya nusu saa wameshasaini karatasi wasiyoielewa vizuri, na kesho yake hawana kazi.

Ninayaandika haya kwa sababu mashauri ya namna hii yanaongezeka katika maduka ya Kariakoo, ofisi za uwakala wa forodha karibu na bandari, vituo vya huduma kwa wateja na kampuni za mikopo. Karatasi ya mfumo ni ushahidi kama ushahidi mwingine, na sheria inamtaka mwajiri athibitishe. Hatua zilizo hapa chini zinamhusu mfanyakazi wa sekta binafsi. Mtumishi wa umma ana njia yake inayopitia Tume ya Utumishi wa Umma, na asipoifuata anaweza kupoteza haki kwa kugonga mlango usio wake.

Hatua ya kwanza: usisaini makubaliano yoyote jioni hiyo

Karatasi zinazosukumwa mbele ya mfanyakazi huwa za aina mbili. Ya kwanza ni barua ya kuacha kazi: "Dada, saini hapa yaishe, vinginevyo tunakupeleka polisi." Ya pili ni hati ya kukiri deni, kwamba unakubali kulipa kiasi fulani kilichopotea.

Barua ya kuacha kazi inamwondolea mwajiri mzigo wote wa kuthibitisha. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, anayemwachisha mtu kazi ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali na kwamba alifuata utaratibu wa haki. Ukiandika mwenyewe kwamba umeacha, swali hilo haliulizwi tena, na wewe ndiye utakayehangaika kuthibitisha kwamba ulilazimishwa. Sheria inamtambua mtu aliyeacha kazi kwa sababu mwajiri aliifanya isivumilike, lakini kulithibitisha hilo baadaye ni kazi ngumu.

Hati ya deni nayo ina hatari yake. Sheria imeweka masharti juu ya makato ya mshahara, na mojawapo ya njia zinazomruhusu mwajiri kukata ni wewe mwenyewe kukubali deni kwa maandishi. Ndiyo maana karatasi ile inaharakishwa.

Ukishinikizwa kusaini kwamba umepokea barua, andika kwa mkono wako juu ya saini: "Nimeipokea, sijakubali yaliyomo," kisha weka tarehe na saa. Piga picha ukiweza. Na ukisema "naomba nipate muda nisome, nitajibu kwa maandishi," hujamkosea mtu adabu wala hujakaidi amri.

Hatua ya pili: omba ushahidi uhifadhiwe, usiku huohuo

Kama utafanya jambo moja tu katika mwongozo huu wote, fanya hili.

Kamera nyingi za maduka na ofisi hurekodi kwenye diski yenye nafasi maalumu, na nafasi ikijaa video mpya zinafuta za zamani. Hakuna anayebonyeza kitufe, zinajifuta zenyewe. Kumbukumbu za mfumo wa kompyuta, yaani orodha ya nani aliingia, lini na kwa kifaa gani, nazo kwenye mifumo mingi hubaki kwa muda fulani kisha zinaondoka. Ukisubiri mpaka shauri lifike mbele ya mwamuzi ndipo uulize kuhusu video ya kaunta, utajibiwa kwamba haipo, na huenda ni kweli.

Tuchukue mfano wa binti wa kaunta kwenye duka la vifaa vya umeme. Karatasi inaonyesha mauzo matatu yamefutwa saa 19:42 kwa jina la "KAUNTA2." Kila mtu dukani anajua nywila ya KAUNTA2 imebandikwa chini ya droo ya fedha, kwenye kikaratasi kilichoshikwa kwa selotepu, na watu wanne wanaitumia kwa zamu. Siku ile binti alitoka kwa kuweka kidole kwenye mashine ya mahudhurio saa 19:10. Ushahidi unaomwokoa uko dukani mle mle, kwenye mashine ya kidole, kwenye kamera ya mlangoni, na chini ya droo. Lakini wote umeshikwa na mwajiri, na kikaratasi kile kinaweza kubanduliwa kesho asubuhi.

Kwa hiyo andika barua fupi kwa meneja na afisa rasilimali watu. Taja vitu kimoja kimoja: "Naomba zihifadhiwe video za kamera ya kaunta na ya mlangoni za tarehe fulani, kuanzia saa fulani hadi saa fulani, kumbukumbu zote za akaunti ya KAUNTA2 za siku hiyo, ikiwamo kifaa kilichotumika, kumbukumbu za mahudhurio za wafanyakazi wote wa zamu, na orodha ya watu wenye mamlaka ya kubadili nywila." Watumie kutoka kwenye barua pepe yako binafsi, na kesho yake peleka nakala ya karatasi. Nakala yako igongwe mhuri au isainiwe na aliyepokea. Wakikataa kupokea, andika jina la aliyekataa na saa, na aliyeshuhudia asaini.

Una sheria nyingine ya kukusaidia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinazoshikwa na anayezikusanya, hapa mwajiri, na kuziona. Mahudhurio yako na picha zako kwenye kamera ni taarifa zako binafsi, na alama za vidole zimo kwenye kundi la taarifa nyeti zinazohitaji uangalizi zaidi. Kwenye barua yako ongeza sentensi moja kwamba unaomba nakala ya taarifa zako kwa mujibu wa sheria hiyo. Wakikataa bila sababu, malalamiko yanapelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria hiyohiyo inampa mtu nafasi ya kupinga uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake bila binadamu kuupima. Hilo ni la kukumbuka kama umefungiwa akaunti au kuondolewa kwenye zamu kwa sababu programu "imekupa alama nyekundu."

Sasa onyo. Usijaribu kujitafutia ushahidi huo kwa kuingia kwenye mfumo. Ukishasimamishwa, hata kama nywila yako bado inafanya kazi, kuingia bila ruhusa kunaweza kuwa kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kufuta au kubadili kitu ni kosa jingine. Usijitumie orodha ya wateja kwenye barua pepe yako, usinakili mafaili kwenye flashi, usiifute kompyuta ya ofisi "ili wasione mambo yangu." Mtu asiye na hatia anaweza kujitengenezea kosa jipya katika dakika kumi, na mwajiri akaachana na tuhuma ya kwanza iliyokuwa dhaifu akashika hii ya pili.

Hatua ya tatu: simu yako

Simu uliyoinunua kwa fedha yako ni yako. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda maisha binafsi na mawasiliano ya mtu, na meneja hapati mamlaka ya kupekua WhatsApp yako kwa sababu tu anakulipa mshahara. Jibu kwa upole: "Simu ni yangu binafsi, ujumbe unaohusu kazi niambieni ni upi, nitauonyesha." Polisi ni habari nyingine. Sheria ya Makosa ya Mtandao inaruhusu upekuzi na kuchukua vifaa kwa amri ya mkuu wa kituo au ofisa wa ngazi kama hiyo. Hapo usishindane, omba kuonyeshwa amri na upewe hati inayotaja kifaa kilichochukuliwa.

Kuna jambo ambalo wengi hawalioni mpaka limewafika: laini ya biashara iliyosajiliwa kwa kidole cha mfanyakazi. Bosi anasema, "Nenda kasajili laini ya ofisi kwa kitambulisho chako cha NIDA, tutabadilisha baadaye." Baadaye haifiki. Laini inapokea malipo ya wateja, na siku kukitokea utapeli jina linalotokea ni lako. Piga *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta ya ofisi, mwandikie mwajiri ukitaka ihamishiwe kwenye jina la kampuni, na nakala ya barua hiyo itunze nyumbani.

Hatua ya nne: barua ya tuhuma

Mwajiri anaweza kukusimamisha wakati wa uchunguzi wa tuhuma nzito, lakini kwa mshahara kamili. Kusimamishwa bila malipo "mpaka tujue ukweli" ni jambo la kulipinga kwa maandishi mara moja.

Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataka uchunguzi ufanyike kwanza, kisha upewe tuhuma kwa lugha unayoielewa. Ukipewa barua ya Kiingereza cha kisheria usichokielewa, omba ya Kiswahili. Hiyo ni haki yako. Muda wa kujiandaa kwa kawaida usiwe chini ya saa 48, na shauri lenye kumbukumbu za kompyuta kurasa hamsini linastahili zaidi. Omba nyongeza kwa maandishi na taja sababu: bado hujapewa kumbukumbu kamili, ulichopewa ni ukurasa mmoja.

Soma tuhuma neno kwa neno. "Umekiuka sera ya usalama wa mfumo" haitoshi. Sera ipi, kifungu gani, na ulipewa lini? Kanuni zilezile zinataka mwamuzi aangalie kama kanuni iliyovunjwa ilikuwapo, ilikuwa wazi, mfanyakazi aliijua, na inatumika kwa wote bila upendeleo. Kama watu wanne waligawana nywila kwa maelekezo ya msimamizi na anaadhibiwa mmoja, hoja yako imeanzia hapo.

Mchague mtu wa kukaa nawe. Una haki ya kusaidiwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzako. Kama ni mwanachama wa TUICO au chama kingine, piga simu tawini siku ileile ya barua, usingoje asubuhi ya kikao.

Hatua ya tano: kikao chenyewe

Hapa mashauri mengi hupotea kwa sababu mtuhumiwa anatumia muda wote kulia, kuomba msamaha wa jumla, au kusimulia jinsi alivyoitumikia kampuni. Hayo yana nafasi yake mwishoni, kwenye maombi ya kupunguziwa adhabu. Kabla ya hapo kazi ni moja: kuuliza maswali. Unayo haki ya kumhoji shahidi, na shahidi mkuu atakuwa mtu wa IT.

Anza na akaunti. Ni watu wangapi wanaijua nywila hii? Nani aliitoa? Mara ya mwisho ilibadilishwa lini? Nani kwenye kampuni anaweza kuibadilisha bila mimi kujua? Mtu mwenye mamlaka ya juu kwenye mfumo anaweza kuingia kwa jina langu? Jibu la swali hili la mwisho likiwa "ndiyo," liandikwe kwenye muhtasari kabla hamjaendelea.

Kisha kifaa. Muamala ulifanyika kwenye kompyuta ipi? Kumbukumbu zinaonyesha anwani ya mtandao ya ofisini au ya nje? Kama ni kompyuta ya kaunta, nani aliyekuwa ameketi hapo, na kamera inasemaje?

Kisha saa. Hili ni dogo lakini nimeona likigeuza shauri. Saa ya kompyuta, ya kamera na ya mashine ya kidole si lazima zilingane. Kamera ambayo saa yake iko nyuma kwa dakika ishirini inaweza kukuweka mahali ambapo hukuwapo. Uliza nani aliyezilinganisha, na lini.

Mwisho, karatasi yenyewe. Hii mliyoniletea imetoka moja kwa moja kwenye mfumo, au ni jedwali lililohamishiwa kwenye Excel? Nani alilihamisha, na mafaili ya awali yako wapi? Jedwali la Excel linahaririwa na yeyote. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 haikatai ushahidi wa kielektroniki, bali inataka upimwe: ulitengenezwaje, ulitunzwaje, ulibaki bila kuguswa, na aliyeuanzisha anatambulikaje. Maswali yako ni hayohayo kwa maneno ya dukani.

Angalia pia nani anaongoza kikao. Mwenyekiti anapaswa kuwa kiongozi wa ngazi ya kutosha ambaye hakuhusika na jambo lenyewe. Meneja aliyekuita saa kumi na moja jioni na kukushinikiza usaini hafai kukaa kiti hicho. Pinga mwanzoni, liandikwe, kisha endelea na kikao, usisuse. Ukisusa, kitaendelea bila wewe na maswali yote hayo yatabaki mfukoni mwako.

Na kama ulikosea, sema ulikosea nini hasa. Kumpa mwenzako nywila ni kosa; kuiba fedha ni kosa lingine kabisa. Usikubali la kwanza ligeuzwe kuwa la pili. Ukishashindwa, kata rufaa ya ndani kwa muda ulioandikwa kwenye fomu, ambao mara nyingi ni siku chache tu.

Hatua ya sita: wakitaka kukukata mshahara

Mhasibu wa kampuni ya uwakala wa forodha anapokea barua pepe inayofanana kabisa na ya mteja wa siku zote, ikisema akaunti ya benki imebadilika. Herufi moja tu kwenye anwani ndiyo tofauti. Analipa. Wiki moja baadaye mteja halisi anauliza fedha zake ziko wapi. Bosi anasema: "Utazilipa mwenyewe, mshahara wako wote kuanzia mwezi huu."

Sheria hairuhusu hivyo. Ili mwajiri akate fidia ya hasara, hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi. Aeleze kwa maandishi chanzo, kiasi na jinsi alivyokipata. Ampe mfanyakazi nafasi ya kutosha kupinga. Deni lisizidi hasara halisi. Na makato hayo yasizidi robo ya mshahara wa fedha. Anayelipwa shilingi 800,000 hakatwi zaidi ya 200,000 kwa mwezi, hata kama hasara ni milioni arobaini na hata kama kosa limethibitika.

Mvutano wenyewe utakuwa kwenye neno "kosa." Je, kampuni ilikuwa na utaratibu wa kumpigia mteja simu kabla ya kubadili akaunti ya malipo? Uliwahi kufundishwa kutambua barua za namna hii? Malipo yaliidhinishwa na nani? Kama mkurugenzi mwenyewe alibonyeza kuidhinisha, kwa nini hasara iwe ya mhasibu peke yake? Nasema waziwazi: kampuni isiyofundisha watu wake, isiyotumia uthibitisho wa hatua mbili, na inayompa mtu mmoja kazi ya kuandaa na kulipa, haina haki ya kumtwika aliye chini yake bei ya uzembe huo. Mwajiri unayesoma hapa, mpe kila mtu akaunti yake, andika sera kwa Kiswahili, na weka saini za waliofundishwa. Hiyo ndiyo kinga yako pia siku utakapokuwa na mashitaka ya kweli.

Hatua ya saba: CMA

Ukiachishwa, hesabu siku. Shauri la kuachishwa kazi linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30. Migogoro mingine, kama makato ya mshahara, ndani ya siku 60. Mazungumzo na afisa rasilimali watu hayasimamishi saa hiyo. Wapo wanaoambiwa "njoo wiki ijayo tukamalizane" mara nne, na siku 30 zinapita. Waliochelewa wanaweza kuomba kuongezewa muda kwa kueleza sababu nzito, lakini si maombi yanayokubaliwa kirahisi. Na ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri huyo ajue kwamba ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo haki kwa kawaida haumfikii, ingawa madai yake ya mshahara yanabaki palepale.

Jaza fomu namba moja ya CMA. Nakala mpelekee mwajiri kwanza, asaini au agonge mhuri, kisha peleka fomu na uthibitisho huo kwenye ofisi ya Tume. Sehemu ya fomu inayouliza unadai nini isijazwe kwa haraka, maana usichokidai hapo utapata shida kukiomba baadaye. Unaweza kuwakilishwa na chama au wakili.

Kwanza mtaketi kwenye usuluhishi. Hapo yanayosemwa hayatumiki dhidi yako baadaye, kwa hiyo zungumza. Mkishindwana, shauri linakwenda kwa mwamuzi, na mwajiri ndiye anayeanza kutoa ushahidi kwa sababu mzigo ni wake. Hapo nakala zako za barua zenye mhuri zinatoka kwenye bahasha. Mwamuzi akiona kwamba uliomba video ihifadhiwe usiku uleule, na mwajiri akaiacha ijifute, atakuwa na jambo zito la kulipima. Asiyeridhika na tuzo, yaani uamuzi wa mwamuzi, huomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ndani ya wiki sita.

Kama umeshafikishwa mahakamani kwa jinai ileile, mweleze wakili mapema. Sheria ya ajira ina kifungu kinachozuia adhabu ya kinidhamu kwa mtu aliyeshtakiwa kwa kosa hilohilo hadi kesi na rufaa zake ziishe. Kuripotiwa polisi na kushtakiwa ni vitu viwili tofauti, na tarehe ya kila kimoja ina uzito, ziandike. Chochote kitakachotokea, unapoondoka dai cheti cha utumishi na malipo ya siku ulizofanya kazi. Rudisha kompyuta, funguo na kitambulisho kwa hati ya makabidhiano inayotaja kila kitu pamoja na namba zake, na omba kwa maandishi akaunti yako yenye jina lako ifungwe kuanzia tarehe hiyo.